Faini ya Mtani

"Mshike mabawa, si shingo! Unataka kumpelekea mtani maiti?"

Shangazi Penina alikuwa amesimama kando ya banda, mikono kiunoni, akitoa amri kama mtu anayeamuru ng'ombe. Loisi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la Ihumwa, gauni lake la kanisani likiwa limejaa manyoya, akimfukuzia mtetea pembeni. Upepo wa Julai ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, ule upepo mkavu wa Dodoma unaopasua midomo. Kuku akapiga kelele, Loisi akamkumbatia kifuani, na hapo hapo machozi yakamtoka.

"Sasa unalia nini? Kuku ni wangu, mimi ndiye ningelia."

"Vumbi, shangazi."

"Vumbi." Shangazi akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akamtazama mtoto wa kaka yake kwa muda. Alikuwa amemlea tangu alipotoka Mlali kuja kusoma sekondari, akamwona akiingia chuo, akamwona akichaguliwa kiongozi wa wanafunzi wasichana, na sasa wiki hii hii amemwona akitoka nyumbani asubuhi akiwa meneja wa manunuzi wa ghala zima la alizeti na karanga. Machozi ya vumbi aliyajua. "Haya, nieleze tena. Mchumba wako Yotham ni Mhehe, wewe ni Mgogo. Mtani wako kabisa. Akakutania kikaoni, ukakasirika."

"Ndiyo."

"Mtani hakasirikiwi, Loisi. Hata msibani anakuja anachukua sufuria na chakula kikiwa ndani, na mwenye msiba anacheka. Alisema nini hasa?"

"Alisema Wagogo amewazoea nje ya geti wakiomba, na mabakuli yao. Leo Mgogo kapewa funguo za ghala, basi Jumatatu watakuta hata bati za paa hazipo."

Shangazi akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hata bati! Eee, Mhehe yule! Sasa hapo pa kukasirika ni wapi? Si ungemwambia kwanza Wahehe wenzake waturudishie mbwa wetu wote waliowala?"

"Nilikuwa nalo hilo jibu, shangazi. Lilikuwa mdomoni."

"Likatoka nini badala yake?"

Loisi akainamia miguu ya kuku, akaanza kuifunga kwa kamba ya katani, akafunga, akafungua, akafunga tena.

Shangazi akaacha kucheka. "Wazee wake wanatoka Iringa Jumapili ijayo kuja kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari," alisema polepole. "Baba yako Bartolomayo kashawaalika ndugu wa Mlali. Chochote ulichosema, mwanangu, kakifute leo."

Ilikuwa rahisi kusema. Loisi alipata lifti ya lori la mchanga hadi mjini, akateremka na kikapu chake, akaifuata kwa miguu barabara ya kwenda Kizota. Karakana zilikuwa zimefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Njia ilikuwa nyeupe, wazi, bila mtu wa kuzungumza naye isipokuwa kuku. Na mtu aibu ikimkamata katika njia kama ile hana pa kujificha, kwa sababu mkosewa anatembea naye mawazoni, na mkosaji ni yeye mwenyewe.

Alikikumbuka kikao kile cha Ijumaa neno kwa neno.

Ulikuwa mwaka wa kampuni nyingi za umma kuuzwa kwa watu binafsi. Ghala lao lilinunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, Bwana Abdulkadiri, mtu mpole wa maneno machache, ambaye familia yake ilikuwa ikifanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara. Wafanyakazi wengi walipunguzwa. Waliobaki walijua kwamba cheo cha meneja wa manunuzi kitakwenda kwa mmoja wa wasomi wawili: Yotham Kihwele au Loisi. Bwana Abdulkadiri aliwatuma wote wawili vijijini msimu mzima, Yotham upande wa Mpwapwa, Loisi upande wa Kongwa, kisha akamchagua Loisi. Sababu aliitoa kwa sentensi moja tu: "Huyu binti, wakulima wakimwona wanaleta magunia yao wenyewe, hatuwafuati."

Ijumaa ile, kwa mara ya kwanza, Loisi alikalia kiti cha mkuu wa kikao. Wanaume wote wa ghala walikuwapo, na Khairat, karani wa fedha, mwanamke mwenzake wa pekee. Yotham akanyoosha mkono, akasema ule utani wa geti na mabakuli, na chumba kizima kikavunjika mbavu. Loisi naye alikuwa amekwisha kufungua mdomo ajibu, maana tangu chuoni hakuna aliyewashinda wao wawili kwa kutaniana. Wenzao walikuwa wakiacha chakula bwaloni waje kuwasikiliza. Lakini akamtazama Yotham machoni, na macho yale hayakuwa yakicheka. Macho ya mtani hucheka kabla ya mdomo. Haya yalikuwa makavu.

Kisha Yotham akaongeza, "Lakini tusimlaumu mtu. Sisi wengine tuliomba cheo kwa kazi. Wenzetu wameomba kwa tabasamu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kingine. Kilikuwa cha chini, cha puani, kile ambacho kila mwanamke aliyewahi kupewa kazi anakijua. Khairat aliinamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyesemwa. Na Loisi aliokota kitu cha kwanza alichokikuta, akakirusha.

"Bwana Kihwele," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu, jambo ambalo sasa lilimtisha kuliko yote. "Wewe ulifeli mtihani wa takwimu chuoni, ukalia nyuma ya bwalo kama mtoto mdogo. Ni mimi niliyekufundisha likizo nzima mpaka ukapita. Leo ndiwe wa kunieleza jinsi watu wanavyopata vyeo?"

Hakuna aliyecheka. Nasri wa mizani aligeuka akamtazama Yotham, akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Ulilia?"

Yotham hakutoka nje. Laiti angetoka. Alikaa pale mpaka mwisho wa kikao, mikono juu ya meza, akiandika kila agizo alilotoa Loisi. Jioni, alipokuwa akipita getini, wapakiaji walikwisha kupata habari. "Mwalimu anakuita, bwana, urudie mtihani!"

Usiku ule wa bwalo Loisi alikuwa ameufunika kwa miaka. Ndipo mapenzi yao yalipozaliwa, pale nyuma ya bwalo kwenye harufu ya maharage na moshi, kijana mwenye mabega mapana akimwambia, "Usimwambie mtu, Loisi," naye akijibu, "Nitamwambia nani?" Sasa alikuwa na jibu. Aliwaambia wote.

Yotham alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, Mama Shamila, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Ndiye aliyemfungulia mlango wa uani.

"Mashallah, wifi yetu! Na kuku juu! Huyu bwana tangu juzi hali, halali, anafua tu. Kafua mpaka mapazia yangu. Yotham! Amekuja mwenyewe!"

Yotham alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono mpaka viwiko imejaa povu. Aliinua kichwa, akakirudisha.

"Kamwene," alisema Loisi, salamu ya kwao Yotham. Siku zote yeye humsalimu hivyo, na siku zote Yotham huitikia kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa!", kwa sauti kubwa na kwa lafudhi mbaya ya makusudi, mpaka majirani wachungulie.

"Karibu," alijibu Yotham.

Neno lile la Kiswahili, safi, la mgeni, lilimchoma Loisi kuliko tusi. Mama Shamila naye alilisikia. Akakumbuka kwamba ana chungu jikoni, akaondoka.

Loisi akaweka kikapu chini. "Nimeleta faini. Nilimkasirikia mtani wangu mbele za watu. Kuku huyu ni wa shangazi Penina, hajaanza kutaga. Pokea."

Yotham akajikung'uta povu, akamtazama kuku. Desturi ilimtaka amkatae kwanza kwa kejeli, aseme kakonda kama mwenyewe, adai mbuzi, wazozane, wacheke, yaishe. Loisi alisimama akingoja kejeli ile kama mtu anayengoja mvua.

"Kwa utani, nimekusamehe," alisema Yotham. "Nimepokea. Yale mengine, Loisi, hayana kuku."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, Yotham. Sikuja nayo hayo kwenye kikapu. Hayo nimekuja nayo mwenyewe. Nilikuahidi siri, nikaitoa. Na sikuitoa kwa bahati mbaya. Niliona itakuumiza, ndiyo maana nikaichagua. Nisamehe. Naona haya hata kusimama hapa."

Yotham akakaa kwenye kigoda. Akamsogezea kingine kwa mguu, bila kumtazama. "Nasri kaniuliza kama nililia kwa sauti au kimya kimya. Alikuwa anataka kujua tu, maskini. Hakuwa na ubaya."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nililia kwa sauti."

Kwa kitambo kidogo walikuwa karibu kucheka, wote wawili. Loisi aliiona ile kona ya mdomo aliyoipenda ikitaka kupanda. Aliona mabega yaliyolowa, shati la zamani la chuo lililochanika kwapani, ile alama ya moto mkononi aliyoipata akimchomea mahindi. Alitamani kuweka kichwa chake pale begani na kusahau kama kuna ghala duniani. Na tamaa ile ndiyo iliyomfanya aseme alichosema.

"Nimewaza sana, Yotham. Mtu anayeweza kufanya nilichofanya siku ya kwanza tu ya kukaa kitini, hicho kiti hakimfai. Kesho nitakwenda kwa Bwana Abdulkadiri, nimwambie amtafute mtu mwingine. Nadhani atakupa wewe."

Alisema kwa moyo wake wote. Na alipokuwa akisema alikuwa akimtazama usoni.

Basi akauona. Ulikuwa mwanga mdogo tu, wa kufumba na kufumbua. Paji la uso wa Yotham lilikunjuka, macho yakafunguka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Ilikuwa furaha. Ilipita kabla hajaiita na kabla hajaizuia, na ilipopita akajua kwamba Loisi kaiona.

Kuku alijipigapiga kikapuni.

"Loisi," alisema Yotham.

"Umefurahi."

"Hapana. Si hivyo, nilikuwa..." Akaziba uso kwa viganja vyake vyenye povu, mabega yakashuka. Alipozungumza tena, sauti ilitokea nyuma ya mikono. "Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi. Umekaa hapo unalia kwa ajili yangu, na mimi moyo umeruka kama wa mwizi aliyekuta mlango wazi."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa haukuwa utani. Ule wa geti labda. Ule wa tabasamu nilikuwa nimelala nao usiku kucha, nikiuchonga." Akatoa mikono usoni. "Nilimwandikia mama kwamba cheo ni changu. Kabla ya uteuzi, Loisi. Kijiji kizima kinajua. Wazee wanaokuja Jumapili wanakuja kumwozesha meneja. Mimi niwaambie nini? Kwamba meneja ni bibi harusi?"

"Ndiyo," alisema Loisi. "Hivyo hivyo ungewaambia."

"Baba mkubwa Eliakimu angegeuza safari stendi ya Iringa. Angesema, huyo mwanamke ataoa yeye."

"Na wewe ungesema nini?"

Yotham akalitazama beseni, na Loisi hakumsaidia. Alihisi kitu kikigeuka ndani yake. Hakikuwa hasira; hasira aliitumia yote Ijumaa. Alikuwa amekuja akiona haya kwa alichofanya. Sasa aliona haya ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi: kwamba alikuwa tayari kukiacha kitu alichokitolea jasho vijiji vyote vya Kongwa, akakiita toba, ili tu uso wa mwanamume ukunjuke. Na uso ulikunjuka kweli. Angeishi akiutunza ukunjuke hivyo, mwaka hadi mwaka, kwa kujikata kipande kimoja kimoja.

Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Sitakwenda kwa Bwana Abdulkadiri."

"Usiende," alisema Yotham haraka. "Mimi mwenyewe sitaki uende. Nakuapia."

"Kuanzia sasa hivi hutaki. Nakuamini. Lakini dakika ile ulitaka." Akavuta pumzi. "Kesho kikaoni nitawaomba radhi watu wote. Sikuombi wewe tena, wewe nimekwisha kukuomba. Nitawaomba wao, kwa sababu mkuu wa kazi alimvua nguo mfanyakazi mbele yao. Na wapakiaji wakikuita tena lile jina getini, nitakwenda mimi kuwanyamazisha, maana mimi ndiye niliyewapa."

"Na lile nililolisema mimi?"

"Ulilisema kwa mdomo wako, Yotham. Mimi siwezi kukusemea."

"Na Jumapili?"

Hapo ndipo Loisi alipokaribia kuanguka. Alijua ndugu wa Mlali wamekwisha kupika pombe, baba kashanunua suti, na shangazi atamuuliza mbele ya jirani zake. Alijua pia kwamba anampenda mtu huyu, na kwamba kumpenda hakukupungua hata kidogo tangu aone mwanga ule usoni pake. Hilo ndilo lililouma.

"Waandikie wazee wasije."

"Wasije kabisa?"

"Wasije Jumapili. Waambie kwanza wanakuja kumposa nani. Uwaambie wewe, siyo mimi. Wakishajua, na wakitaka bado kuja, nyumba yetu Ihumwa wanaijua."

Alitoka bila kumpa mkono. Mama Shamila alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani kwa chungu chake.

Jumatatu chumba cha kikao kilijaa kuliko Ijumaa. Hata wapakiaji walijibanza mlangoni, kwa kuwa kila mtu alitaka kuona watani wamefikia wapi. Loisi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akasema aliyokuwa akiyarudia tangu alfajiri.

"Ijumaa nilitaja jambo la siri la mfanyakazi mwenzetu ili nimdhalilishe. Halikuhusu kazi. Lilikuwa kosa, na nililifanya nikiwa nimekalia kiti hiki. Yeye nimekwisha kumwomba radhi, na ninyi nawaomba radhi. Atakayelitaja tena hapa ndani au getini atakuwa ananisema mimi."

Akakaa. Mashavu yalikuwa yakimwaka. Watu walitazamana, hawakuwahi kumsikia mkuu wa kazi akisema hivyo, na hawakujua mtu anaitikiaje. Nasri alikohoa.

Ndipo kiti kikasogea upande wa dirisha. Yotham alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mimi niliomba cheo hiki," alisema. "Sikukipata. Aliyekipata alikipata kwa kazi; nimeziona hesabu za Kongwa na zangu za Mpwapwa. Lile la tabasamu lilikuwa uongo. Na lilikuwa wivu." Ilionekana kuna zaidi, lakini sauti ilimtupa, akabaki amesimama mbele ya wanaume wote wale, mdomo wazi, macho yamejaa, na safari hii hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuliza kama analia. Kisha akakaa.

Khairat alishusha pumzi ndefu. Upepo ulipiga bati.

Loisi alijua kwamba akimtazama sasa, kila aliyemo ndani atayaona yote usoni pake: haya, na huruma, na mapenzi ambayo hayakuwa na mahali pa kwenda mchana kweupe. Kwa hiyo hakumtazama. Alivuta karatasi ya ratiba, akaisogeza mbele yake, herufi zikimchezea.

"Ahsante," alisema. "Tuendelee. Gari la kwenda Mlali linaondoka saa ngapi?"

Alikuwa akijua. Alilipanga yeye mwenyewe. Aliyejibu alijibu kutoka upande wa dirisha, taratibu, bila kejeli hata chembe.

"Saa tatu, Meneja."

"Saa tatu," alirudia Loisi, akiandika, na akaendelea kuinamia karatasi ile muda mrefu baada ya kumaliza kuandika.